Jumamosi ya Uwera

Kila asubuhi, kabla kengele ya shule haijalia, watu wa mtaa wa Gihundwe, mjini Kamembe, walimsikia Gaju kabla ya kumwona. Du, du, du, mpira wa kikapu ukidunda njiani. Mkono wa kulia ulidundisha, wa kushoto ulishika kidumu cha maji kichwani. Kina mama waliokuwa wakipanda kutoka ziwani na beseni za visamaki vya sambaza walimpisha, maana kugongana na Gaju ilikuwa hasara kwa wote wawili. "We mutoto," walimwambia, "siku moja huo mpira utakutia mtaroni!" Gaju alicheka tu, akaendelea. Alikuwa na miaka kumi na minne, mrefu kuliko baadhi ya walimu wake, na Kamembe nzima hakuna msichana aliyeweza kumzuia akishalikaribia kapu.

Mpira huo aliachiwa na kaka yake, Ndizeye. Ndiye aliyemfundisha kutupa walipokuwa wakiishi Bukavu, Kongo, ng'ambo ya mto, kabla familia haijarudi Rwanda baada ya mauaji ya mwaka wa tisini na nne. Mwaka jana, mwezi wa nane, vita vilipowaka tena Kongo, Ndizeye alivaa sare akavuka kwenda kule kule walikotoka. Tangu hapo, kimya. Hakuna salamu, hakuna aliyemwona. Kila jioni mama yao, Maman Thacienne, aliweka redio kizingitini akasikiliza habari tangu mwanzo hadi mwisho, mkono shavuni, kisha akaizima ili betri zisiishe. Gaju hakuuliza, maana aliogopa jibu.

Lakini alikuwa na siri yake. Timu yao ilikuwa imefika fainali ya mkoa, na Jumamosi alasiri wangecheza na Bugarama. Atakayeshinda angekwenda Butare kwenye mashindano ya kitaifa. Gaju alikuwa amewahi kusikia redio ikitaja wachezaji kwa majina. Akajiambia: tukishinda, watanitaja. Wanajeshi hawakosi redio, hata msituni. Ndizeye atasikia kwamba tupo, kwamba tunamngoja. Wazo hilo halikumtoka kichwani, mchana wala usiku.

Jumatano, mazoezi yalipokwisha, Mwalimu Vénuste, kocha wao, aliwaketisha wasichana chini ya ubao wa kapu. "Jumamosi asubuhi hakuna mazoezi," alisema. "Uwera ana neno la kuwaambia."

Uwera alikuwa mfupi, mkimya, na ndiye aliyeusukuma mchezo wote. Nusu ya vikapu vya Gaju vilianzia mikononi mwa Uwera, ingawa hakuna aliyewahi kuliimba jina lake. Aliishi na shangazi yake, Mukandori. Walikuwa wawili tu nyumbani.

"Wachimba udongo wa matofali wamekuta shimo kule bondeni," Uwera alisema, macho kwenye viatu vyake. "Papa yumo. Na wadogo zangu wawili. Shangazi amewatambua kwa nguo. Tutawazika Jumamosi asubuhi, kule mlimani. Kwetu hatuna watu. Kwa hiyo nawaomba mje."

Hata Zulaikha, binti wa fundi cherehani wa Kamembe, ambaye mdomo wake haukujua kupumzika, alinyamaza. Mwalimu Vénuste aliwatazama mmoja mmoja, akaondoka. Alidhani mambo yameeleweka.

Hayakueleweka. Wasichana wote waligeuka kumtazama Gaju. Ndivyo ilivyokuwa katika timu ile: mwalimu alisema, lakini Gaju ndiye aliyesikilizwa, kwa sababu ndiye aliyewapa ushindi. Naye Gaju, aliposikia neno "shimo", mawazo yake yalivuka mto. Aliona msitu. Alimwona Ndizeye. Hakutaka kabisa kusimama kando ya kaburi, la yeyote yule. Angesema tu, "Jamani, naogopa," mambo yangekwisha hapo. Badala yake akasema hivi:

"Kupanda kule ni safari. Miguu itachoka, na Bugarama hawachezi mchezo wa kitoto. Jumamosi asubuhi tunapasha miili hapa, wote." Kisha akamgeukia Uwera. "Wamekufa miaka mitano sasa. Wanaweza kungoja hadi Jumapili."

Loo! Mdomo ule! Wengi waliolelewa ng'ambo kama yeye walikosea namna hiyo. Walidhani aliyekufa mwaka ule ameshaliliwa, kwamba msiba umepita kama mvua ya zamani. Hawakujua kwamba kwa Uwera msiba ulikuwa haujaanza, maana utamzikaje mtu usiyejua alipolala? Hata hivyo, kutojua hakumpi mtu ruhusa ya kukosa huruma.

Uwera hakulia. Aliokota mfuko wake. "Sawa, kapteni," alisema, akaenda zake.

"Gaju," Zulaikha alinong'ona, "hapo umepita mpaka."

"Unataka kwenda Butare au hutaki?"

Zulaikha akainama. Alitaka. Wote walitaka.

Jumamosi asubuhi walifanya mazoezi. Kutoka uwanjani mlima ulionekana vizuri, na katikati ya mashamba ya ndizi mstari wa watu ulipanda polepole. Ulikuwa mfupi sana. Gaju alitupa mpira akakosa, akatupa tena akakosa, akawafokea wenzake kwa makosa yake mwenyewe.

Alasiri uwanja ulijaa. Bugarama walifika kwa lori, wakiimba na kupiga bati. Dakika chache kabla ya filimbi, Mwalimu Vénuste alitokea, na Uwera nyuma yake. Viatu vyao vilikuwa na udongo mwekundu.

"Umekuja?" Gaju aliuliza.

"Shangazi aliazima mikeka ya majirani, akaitandika yote uani," Uwera alisema, akikaza kamba za viatu. "Hakuna wa kuikalia. Nimeshindwa kuitazama."

Basi, mechi ikaanza, na Uwera akacheza. Alimpa Gaju mpira kila alipokuwa wazi, bila kinyongo, bila kumtazama usoni. Kucha zake zilikuwa bado na udongo wa kaburini. Gaju aliuona kila alipopokea pasi, na kila alipofunga watu walipiga kelele "Panye! Panye!", yaani kikapu, naye akatamani wanyamaze. Walishinda kwa kikapu kimoja. Watu wakavamia uwanja, wakambeba Gaju mabegani, "Ga-ju! Ga-ju!" Kutoka huko juu alimwona Uwera akishika njia ya kwao, peke yake.

Mwalimu Vénuste alingoja watu wapungue.

"Tumeshinda, Mwalimu," Gaju alisema.

"Nimeona. Unajua ni akina nani waliobeba jeneza leo? Ni mimi, mzee mmoja jirani, na waashi wawili tuliowakuta njiani. Hata majina yao siyajui."

"Mwalimu, miguu yetu ingechoka..."

"Jeneza lilikuwa jepesi, Gaju." Aliutazama udongo kwenye viatu vyake. "Lilikuwa na baba na watoto wawili ndani yake, na lilikuwa jepesi. Uwera angeweza kulibeba peke yake. Hatukuhitaji nguvu zenu. Tulihitaji watu."

Alimwacha amesimama pale na mpira wake.

Jumapili jioni Gaju aliketi karibu na redio kuliko mama yake. Habari za vita zilisomwa, zikaisha. Zikaja za michezo. "Mkoani Cyangugu, wasichana wa Kamembe wamewashinda wenzao wa Bugarama." Ni hayo tu. Ikafuata bei ya kahawa. Gaju alingoja, labda msomaji amesahau, labda atarudia. Msomaji hakurudia. Hapo ndipo machozi yalipomshinda, akamweleza mama yake kila kitu: redio, Ndizeye, hofu yake, na yale maneno aliyomwambia Uwera.

Maman Thacienne aliizima redio kabla ya habari kuisha, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu mwezi wa nane.

"Ulimwambia mtoto yatima hivyo?"

"Ndiyo, Maman."

"Kaka yako angesikia jina lako kwenye redio angefurahi, sikatai. Lakini akija kusimama hapo mlangoni, ataniuliza tunaishije na watu. Nitamjibu nini mimi?"

"Na kama hatarudi?" Hatimaye swali lilimtoka.

Mama aliisogeza redio pembeni. "Sijui, mwanangu. Huenda hatarudi. Huenda tutaletewa habari tu, bila mwili wa kuzika. Siku hiyo na mimi nitatandika mkeka hapa. Ataukalia nani?"

Walilia pamoja, mama na binti, kwa mara ya kwanza tangu Ndizeye avuke mto. Kulia hakukuleta habari yoyote. Lakini angalau sasa waliogopa pamoja.

Jumatatu, baada ya masomo, Gaju aliwaita wenzake uwanjani. Mpira hakuja nao.

"Jumatano niliwaambia uongo," alisema. "Haikuwa miguu. Niliogopa kaburi, kwa sababu ya kaka yangu, nikawaburuta nyote katika woga wangu. Majuto ni mjukuu, ndiyo haya. Matanga kwa kina Uwera bado hayajaondolewa. Mimi nakwenda kukaa nao leo, na kesho, mpaka yaondolewe. Leo simwamuru mtu. Anayetaka aje."

Kisha Zulaikha akavuta pua. "Kuni nitatoa mimi. Ila ukitembea mbio kama kawaida yako, gogo moja nitakutupia kichwani."

Walikwenda wote, wengine na kuni, wengine na vidumu vya maji, na Maman Thacienne nyuma yao na sufuria ya uji wa mtama. Walipofika, mikeka ilikuwa bado uani, na juu yake walikuwa Uwera, Mwalimu Vénuste na yule mzee jirani. Mukandori, shangazi yake Uwera, aliwapokea amesimama.

"Mmechelewa," alisema.

"Ndiyo, Maman," Gaju alijibu.

"Kuzika kumeshapita. Hakurudiwi. Mtoto huyu alirusha udongo peke yake, akageuka nyuma kutafuta wenzake, hakuna."

"Ndiyo, Maman."

Mukandori alisogea pembeni, akawaachia njia. Hakutabasamu, na wala hakuwa na sababu ya kutabasamu. "Haya. Wekeni kuni pale. Mukae."

Walipokwisha kuketi, Mwalimu Vénuste alizungumza, kwa sauti ya chini kama inavyofaa penye msiba. "Wanangu, uwanjani nimewafundisha kumtafuta mwenzenu aliye peke yake mkampa mpira. Jumamosi Uwera alikuwa peke yake, nanyi mkamtazama kwa mbali. Gaju ana kipawa, hilo kila mtu analiona. Lakini kipawa hakimfanyi mtu kuwa kiongozi. Kiongozi ni yule ambaye mwenzake akipatwa na msiba, yeye hufika, hata kama anatetemeka. Na akikosea, husema nimekosea mbele ya wale wale aliowapotosha. La kwanza Gaju alishindwa. La pili amelifanya leo. Mlishike hilo, kwa maana nchi hii ina misiba mingi, na kikombe cha mashindano hakijawahi kumfariji mtu."

Gaju alipiga magoti mbele ya Uwera. "Nisamehe."

Uwera alichezea uzi wa mkeka. Hakusema amesamehe. Alisema, "Uliniambia wanaweza kungoja. Hukuniuliza hata walikuwa nani."

Gaju alihisi aibu mpaka masikioni. Alikuwa ametaka jina lake lisomwe kwa nchi nzima, na majina haya matatu hakuyataka hata kwa sikio moja.

"Walikuwa nani?" aliuliza.

"Papa aliitwa Hategekimana. Alikuwa fundi wa mitumbwi. Anayenifuata mimi aliitwa Byiringiro, alikuwa anaogopa mbuzi. Mdogo wa mwisho aliitwa Nsabimana. Alikuwa hajaanza kutembea."

"Hategekimana," Gaju alirudia polepole, ili asisahau. "Byiringiro. Nsabimana."

Zulaikha naye akayarudia, na Maman Thacienne, kisha timu nzima, moja baada ya jingine. Mukandori alifunika uso kwa kitenge, akaanza kulia kwa sauti, na safari hii uani palikuwa na watu wa kulia naye.

Uwera alisogea kidogo kwenye mkeka, na Gaju akaketi.