Tope Kwenye Friji

Alikuwa anasugua sufuria iliyounguza uji simu ilipoita. Kazini walimwita Mama Tope, kwa sababu utafiti wake ulikuwa wa kuchota tope la mtoni na kupima madini ya risasi na zebaki yaliyomo. Aliibana simu begani, mikono imejaa povu.

"Ripoti nimeisoma," mkurugenzi alisema. "Andika kwamba maji ni salama. Kiwanda cha betri ndicho mfadhili wetu, mama."

"Samaki wanaelea matumbo juu, mkuu. Binti yangu anatetemeka mikono."

"Watoto hutetemeka. Kesho nataka ripoti nyingine." Akakata. Mwenyewe ofisini hunywa maji ya dukani.

Nyuma yake glasi ya maji iliyokuwa katikati ya meza ilianguka, ikavunjika. Hakuna aliyeigusa.

"Nyingine tena!" mama mkwe alifoka. "Tangu ulete makopo yako ya tope hatunywi maji tukayamaliza. Wenzio wanarudi nyumbani na nyama, wewe unarudi na tope. Na unalilaza jirani na maziwa!"

"Friji ya ofisi imekufa, mama. Ningeliweka wapi?"

Alijua amekosea. Tope la utafiti halikai na chakula, hata mwanafunzi mgeni hufundishwa hivyo. Lakini alikuwa amechoka, na friji ilikuwa pale.

Jioni umeme ulikatika. Ikaja harufu ya sarafu zilizoshikwa na mkono wenye jasho. Mate yakawa na ladha ya damu. Kisha ndani ya friji ile isiyo na umeme kitu kikaanza kutokota, polepole, kama chungu kilichosahauliwa jikoni, na mlango wake ukawa unafunguka na kujifunga, unafunguka na kujifunga, na binti aliyekuwa amesimama na kikombe cha maji ya bomba akanyang'anywa kikombe na mkono ambao hakuna aliyeuona, kikapigwa ukutani.

Mama mkwe alikuwa ameshamwita mganga. Mganga aliketi sakafuni, akaomba bakuli la maji. Kabla hajatamka neno, bakuli lilijipindua mapajani mwake.

"Huyu hapungwi," alinong'ona, sketi inachuruzika. "Huyu ana kesi. Mwacheni aseme."

Binti akafungua mdomo. Sauti haikuwa yake, ilikuwa nzito, imejaa mchanga.

"Mto ulikuwa nyumba yangu. Wanangu wamekufa kwenye tope lile, mkawatia kwenye makopo. Mnakunywa maiti zao, halafu mnasema maji safi. Nani amesema safi? Nitajieni, au namchukua huyu kama walivyochukuliwa wangu."

"Omba radhi, mwanangu!" mama mkwe alilia. "Piga magoti!"

Mama Tope hakupiga magoti. Hasira aliyoimeza tangu asubuhi ilimaliza woga wote.

"Siombi radhi mimi. Wanao na wangu wamelishwa sumu na mkono mmoja." Akamtaja mkurugenzi, jina lake na la baba yake, mtaa anaokaa na rangi ya geti lake. Kisha akachukua simu, akaituma ripoti ya kweli kwa kila namba aliyokuwa nayo: waandishi wa habari, madaktari, wakazi wa kando ya mto.

Friji ikanyamaza. Harufu ikatoka mlangoni bila haraka, kama mgeni aliyekwisha kuelekezwa njia.

"Mama, nina kiu," binti alisema kwa sauti yake.

Wakampa maji ya mvua. Kikombe kilikaa mkononi, ingawa mkono bado ulitetemeka. Asubuhi ni hospitali, mama yake alijiambia, jini haponyi sumu ya risasi. Alipofungua friji, makopo yalikuwa makavu, matupu, na vifuniko vimekazwa vilevile.

Umeme ulirudi. Alikuwa anapakua wali simu ilipoita.

"Mama," mkurugenzi alinong'ona, meno yakigongana. "Kuna mtu jikoni kwangu. Mabomba yanatoa tope. Analia... anawaita watoto."

"Mpe maji. Si ni salama?"

Akazima simu, akahesabu watu mezani. Mama mkwe, mganga aliyekataa kutembea gizani, binti, na mumewe, ndiyo kwanza anaingia, anauliza sakafu imelowa nini.

Wote wapo.

"Kuleni," alisema. "Chakula kinapoa."