Tisa za Hatem

"Emna, nakupongeza binti yangu," alisema Profesa Kammoun kwenye simu, kwa sauti ya mtu aliyeshiba. "Na mwambie mchumba wako samaki wake walikuwa watamu. Sote tumekula mpaka tukasahau kazi."

Emna akakaa kitini.

"Sote nani, Profesa?"

"Sisi mabingwa wako wa utafiti. Hatem alituita kwake Jumapili tuzungumzie lile swali gumu. Kijana ana adabu, alituomba tusikuangushe."

Emna alishukuru kwa heshima, akakata simu, kisha akaipiga meza kofi.

Alikuwa mwalimu katika chuo cha udaktari hapa Sfax, na utafiti huo ulikuwa umemkondesha mwaka mzima. Alitaka mabingwa waafikiane mwanafunzi ajue nini kabla ya kukabidhiwa shahada. Mbinu yake ina sharti kubwa: mabingwa wasijuane. Kila mmoja anajibu kivyake, anatoa alama kuanzia moja, yaani kukataa kabisa, hadi tisa, yaani kukubali kabisa, anaonyeshwa wenzake walitoa ngapi bila majina, kisha anaulizwa tena. Sharti hilo lina maana yake, hasa kwetu sisi ambao profesa akikohoa wote tunatafuta maji.

Duru ya kwanza mabingwa waligawanyika vibaya. Swali lilikuwa kama mwanafunzi lazima ajifunze kumpa mgonjwa habari mbaya yeye mwenyewe, ana kwa ana, badala ya kuwaachia ndugu. Duru ya pili zikaja tisa tupu, na Emna akarukaruka ofisini kama mtoto. Kumbe furaha yake ilipikwa jikoni kwa Hatem, daktari wa upasuaji, mmoja wa mabingwa haohao, aliyewahi kuiona orodha ya majina mezani kwa Emna.

Akamwandikia: "Umewalisha mabingwa wangu?"

Jibu likaja upesi: "Nilitaka ufurahi mpenzi. Arusi imekaribia, nikasema umalize roho itulie."

"Njoo mkahawani. Sasa hivi."

Hatem alifika na koti la hospitali begani. Emna hakumzungusha. Alimwambia majibu yote anayatupa, anaanza upya na mabingwa wa miji mingine, na yeye hayumo.

"Mwaka mzima unautupa kwa ajili ya samaki?"

"Kwa ajili ya wanafunzi wangu. Wewe ulitoa ngapi duru ya kwanza?"

"Tisa."

"Hatem."

Hatem akashusha macho kwenye kikombe. "Ningekuwa simjui mwenye swali, ningetoa tatu. Baba alipougua hakutaka kuambiwa. Nilimwona."

Miaka yote ya uchumba wao, Emna hakuwahi kumsikia akitoa tatu kwa jambo lolote. Moyo ulimuuma, na papo hapo akampenda zaidi.

"Gauni tisa, chakula tisa, kila nisemalo tisa," alisema. "Fundi wa gauni bado sijamruhusu ashone. Nitaolewa na nani, Hatem? Mimi simjui."

Emna akachukua karatasi mbili za kufutia mikono, akamsogezea moja na kalamu.

"Kuishi ghorofa ya juu kwa mama yako baada ya arusi. Andika alama, na usinitazame."

Wakaandika, wakafunua pamoja. Ya Emna ilikuwa moja. Ya Hatem pia moja.

"Mbona ulikubali?" Hatem aliuliza.

"Nilidhani wewe ndiye unayetaka."

"Nami nilidhani wewe."

Walicheka mpaka mhudumu akageuka. Halafu Hatem akaiweka kalamu mezani.

"Na mama nani atamwambia? Labda tumtume dada yangu."

"Habari mbaya anaambiwa mwenyewe, ana kwa ana," alisema Emna. "Nenda, daktari."

Hatem akaenda. Alimkuta mama yake, Mama Zakia, akichambua bizari, akapiga magoti mbele yake na kusema yote bila kuzunguka. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akashusha pumzi.

"Afadhali, mwanangu. Nimekosa usingizi nikiwaza watoto wenu watakavyonirukia juu ya kichwa. Niliogopa tu kukuvunja moyo."

Jioni hiyo simu ya Emna ikatoa mlio wa ujumbe.

"Nimemwambia mama. Lile swali lako, nimebadili. Natoa saba."

Emna aliisoma ile saba mara mbili. Kisha akampigia fundi wa gauni, akamwambia aanze kushona.