Chupa Iliyoongezeka Yenyewe

Nadège alipofungua kitambaa, nywele zake zilibaki ndani ya kitambaa.

Ilikuwa Alhamisi, saa mbili asubuhi, mwaka 2003, katika saluni ya Kanyere, mtaa wa Bungulu, mjini Beni. Jumamosi Nadège alikuwa aolewe. Mama yake alipiga yowe, wapita njia wakaingia bila hodi wakidhani kuna msiba. Hawakukosea sana, maana huku kwetu mwanamke akionekana na kichwa kisicho na nywele, watu huuliza kwanza nani amekufa.

"Jana mutoto wangu alikohoa hapa!" mama alilia. "Macho inatoka machozi, na weye unamuambia avumilie! Ile kératine yenu ya kunyoosha nywele ni sumu!"

Kanyere akaficha mikono chini ya kikwembe alichojifunga.

Kabla ya saa sita, inspekta Hippolyte, mtu wa jimbo la Kasaï aliyetumwa Beni kabla vita havijamfungia njia ya kurudi kwao, alikuwa amekwisha kumtupa Tamar, msaidizi wa Kanyere, katika cachot, chumba cha mahabusu. Tamar ndiye aliyeshika pasi ya nywele, ile wanayoipasha kwenye makaa kwa sababu umeme hakuna.

"Alichoma kichwa ya mutoto wa batu," inspekta alisema. "Donc, kesi imeisha."

"Inspekta, Tamar iko na mukono muzuri kushinda wangu," Kanyere akasema.

"Basi ni mukono wako?"

Kanyere akanyamaza. Loo, kimya kile kilimchoma! Tamar alikuwa mjane aliyekimbia vita vya Mbau, hana ndugu mjini wa kumpelekea hata sahani ya bugali, na cachot ile ililindwa na askari waliokuwa wamelewa tangu asubuhi. Ilibidi atoke kabla ya jua kuzama.

Kanyere akarudi saluni, akajifungia, akaokota nywele za Nadège zilizoanguka sakafuni. Nywele iliyoungua kwa pasi hujikunja na kutoa kifundo cheusi. Hizi hazikuwa na kifundo. Zilikuwa zimenyooka vizuri kabisa, ila ukizishika zinavunjika katikati kama nyasi kavu. Basi si pasi. Ni dawa.

Akaiinua chupa ya kératine kwenye mwanga wa dirisha. Hii ilitoka Kampala kwa njia ya mpaka wa Kasindi, na tangu barabara ifungwe na wapiganaji alikuwa akiitumia kwa kubana. Jumatatu, alipomtengeneza mke wa mwalimu, dawa ilibaki chini ya lebo. Jana, kwa Nadège, ilikuwa juu ya lebo. Hebu fikiri: chupa gani huongezeka kwa kutumiwa?

Mtu aliijaza. Jina moja likamjia: Vagheni, dada mkubwa wa mumewe Mathe, mwenye kisaluni upande wa soko. Alikuja juzi juzi kuomba kératine, kikombe kimoja tu, Kanyere akamnyima mbele ya wateja. Kama kuna mtu wa kulipiza kisasi, ni huyo.

Alimkuta Vagheni ananyoosha nywele za mteja, zikimeremeta.

"Unamupaka nini?"

"Kératine. Ao Congo nzima ni yako peke yako?"

"Barabara imefungwa, dada. Uliitoa wapi?"

Vagheni akacheka, akamsogezea kopo la mayonnaise alimotia dawa. Kanyere akanusa. Ilinukia chokoleti, kama kératine yake ilivyonukia siku ilipofika. Mteja alikuwa amekaa kitini, macho makavu, hakohoi hata kidogo.

"Weye ulininyima," Vagheni akasema, na kicheko kikamtoka usoni. "Ndugu yangu hapana ninyima."

Kanyere akatembea hadi nyumbani bila kusalimia mtu. Mathe alikuwa uani akiosha buti zake za kazi. Alitunza maiti hospitalini, na tangu vita vizidi hakupumzika, kwa kuwa wafu walilazimika kuwangoja ndugu zao watoke Butembo.

Akaweka chupa mbele yake. "Nusa, Baba Josaphat."

Mathe hakunusa.

"Ni dada ndiye alinisomesha," akasema. "Alilia mbele yangu. Nikamupa kératine yako. Kisha nikaogopa mudomo yako, nikajaza na formol ya kazini."

"Formol, Mathe! Ya maiti!"

"Lakini batu yote banasema kératine yenyewe iko na formol ndani! Nilizani ikiongezeka, nywele itanyooka zaidi. Kule kazini mutu anabakia vile vile hata akingoja."

"Maiti hapana olewa Jumamosi!"

Mathe akainama. "Acha tu inspekta abakie na Tamar. Ule hana batoto. Bakinifunga miye, batoto betu batakula nini? Siku moja batamufungulia."

Kilichomtisha Kanyere ni kwamba moyo wake, kwa kitambo kidogo, ulikubali. Akamshika Mathe mkono, akamvuta mpaka bureau ya inspekta.

Inspekta alifungua chupa, akarudisha kichwa nyuma kwa ghafla. "Hii ni harufu ya morgue! Nani alitia?"

"Ni miye," Mathe akajibu, akaeleza yote.

Inspekta akaandika, akaagiza Tamar atolewe. "Bon. Mama, rudi nyumbani."

Kanyere hakuondoka. "Andika na yangu."

"Yako gani?"

"Mama yangu alilala mu ile chumba ya maiti akingoja bandugu. Ile harufu ninaijua. Jana nilifungua chupa, nikaisikia. Nikaona na dawa imepanda. Nikasema mu roho: nikimurudisha bibi-harusi, ataenda kwa Vagheni, na bengine batamufuata. Nikamupaka. Asubuhi ulipouliza kama ni mukono yangu, nikanyamaza."

Kalamu ya inspekta ilisimama. Mathe alimtazama mkewe kana kwamba hajawahi kumwona.

Tamar alikuwa amefika mlangoni, kiatu kimoja mguuni, mdomo umevimba. Kanyere akanyoosha mikono miwili kumpokea.

"Patronne," Tamar akasema polepole, "jana nilikuuliza ile harufu ni ya nini. Ukaniambia nipashe pasi."

Akapita pembeni ya ile mikono, akatoka nje, akashika njia.