Simu Ndani ya Kihenge

— Marehemu ameandika tena?

Felista aliweka chini fimbo ya kupigia alizeti, akampa Ignas simu. Namba ilikuwa ya baba yake Felista, waliyemzika hapa Mgori mwaka jana.

Ujumbe wa juzi: "Mwache huyo Mrundi."

Wa jana: "Usiolewe na mgeni."

— Labda namba amepewa mtu mwingine.

— Mtu mwingine atanijuaje?

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu mgeni, Ignas, daktari wa mifugo kutoka Gitega, Burundi, alikuja na dawa, mwenyeji akampa jembe! Eti vyeti vyake ni vya Kifaransa. Felista ndiye aliyemtafutia mfasiri na kumwandikia maombi ya usajili wa udaktari, akaweka anwani ya sanduku la posta la parokia kama wanakijiji wote. Miezi minne, kimya.

— Wasiponiita kwenye usaili mwezi huu, kibali changu cha kuishi hapa kinaisha. Nitarudi kwetu, mpenzi.

— Usiseme hivyo, utaniua.

Simu ikatetemeka. Namba ileile, neno moja tu: "Nipigie."

Felista akapiga. Jogoo akawika ndani ya kihenge cha mtama pembeni mwa ua. Ulikuwa mlio wa simu ya baba.

Alizamisha mkono kwenye mtama, akatoa simu. Chini yake palikuwa na bahasha yenye jina la Ignas.

Mama yake, Magreth, karani wa parokia, alikuwa anaingia uani na ndoo kichwani. Alipoiona bahasha, ndoo ilianguka.

— Mama! Ulificha barua yake?

— Akipata kazi atakubeba akupeleke mbali. Baba yako keshaondoka. Nibaki na nani, mwanangu?

Ignas alikuwa ameshaisoma. Usaili ni Jumatatu, Singida mjini.

— Mama, mimi nataka kutibu ng'ombe wa hapa hapa. Nimpeleke wapi binti yako?

Magreth alilia kwa aibu.

— Nisamehe, Ignas. Shati la usaili nitakufulia mwenyewe.

Felista akaiinua simu ya baba yake.

— Lakini kututisha kwa namba ya marehemu, mama! Meseji tatu!

— Tatu? Nilituma mbili.

— Na hii ya sasa hivi, "Nipigie"?

— Sasa hivi si nilikuwa kisimani?

Ignas akavua kofia, akakigeukia kihenge.

— Shikamoo, baba. Jumatatu naenda.