Pale Reli Ilipoishia

Kila jioni Irine alimpelekea bibi yake uji, na kila jioni Dana, kama walivyomwita nyumbani, alimpokea kwa kitendawili.

"Kitendawili."

"Tega, Dana, lakini uji unapoa."

"Anameza mawe mlimani, anayatapika ziwani."

"Nimeshindwa."

"Basi nipe mji."

Irine hakutoa mji. Kamba ya kuruka ilikuwa inamngoja nje. Mwalimu Javan alikuwa amewaagiza wawaulize wazee habari za reli nyembamba ya wakoloni, ila kwa Dana swali moja huzaa vitendawili mpaka giza. Irine akabuni habari zake: reli ilitoka ziwani, ikaishia mtoni. Mwalimu akamsifu.

Kaka yake Jacktone, mchimba dhahabu katika machimbo ya Osiri, alipozisikia habari hizo akamwuliza, "Una hakika haikufika kilimani? Reli ilipoishia ndipo Wazungu walipotoboa chini. Sitaki kuchimba juu ya pango."

"Dana mwenyewe kaniambia," Irine akajibu, huku akiruka kamba.

Jacktone akaenda kuchimba kilimani.

Jumamosi moja, mvua ilipokatika, Irine alisikia mayowe kutoka kilimani. Alipofika, mama yake alikuwa amepiga magoti kwenye tope, akimwita Jacktone. Sakafu ya shimo ilikuwa imetitia, kuta zikamfunika. Sauti yake ilitoka mbali chini: "Maji yanapanda." Wanaume walichimba, lakini kila walichotoa, udongo ulirudisha zaidi.

"Acheni," alisema Motari, kiongozi wao. "Tutamzika wenyewe."

Wengine wakaketi chini, mikono kichwani. Irine alitaka kusema, akarudi nyuma hatua moja. Wote wangejua ni nani aliyemwingiza kaka yake humo. Kisha sauti ya chini ikanyamaza.

"Nilidanganya," alimwambia Motari. "Sikumwuliza Dana. Sijui reli iliishia wapi."

Motari alimtazama kidogo tu. "Kama ameangukia pango la Wazungu, lina mlango mahali. Kimbia ukamwulize sasa."

Safari hii Dana hakudai mji. "Iliishia kilimani, mjukuu wangu. Baba yangu alisukuma vibehewa vya mawe kutoka mle pangoni hadi ziwani. Mimi nilimpelekea chakula mlangoni, upande wa mashariki. Mgodi ulipofungwa, waling'oa vyuma, nasi tukapanda mkonge mbuzi wasitumbukie. Fuateni tuta la reli. Likikoma, kateni mkonge."

Irine akarudi mbio na habari hizo, nao wakafuata tuta katikati ya mahindi. Mkonge ulipokatwa, hewa baridi ikatoka ardhini. Motari akajifunga kamba, akaingia kwa tumbo. Waliobaki walingoja. Mama alishikilia kamba, Irine nyuma yake.

Hatimaye kamba ikavutwa kutoka ndani. Jacktone alitolewa akiwa na mguu uliovunjika na tope mdomoni, lakini alikuwa anapumua.

"Irine," alinong'ona, "huo mto wako, ilipoishia reli, uko juu sana."

Irine akalia. Dana, aliyekuwa amejikongoja nyuma yao, akamshika bega.

"Kutojua si aibu, mjukuu wangu. Ungesema 'sijui', kaka yako angekuja kuniuliza. Ulimpa uongo, naye akausimamia kama sakafu. Leo umesema kweli ikiwa chungu, ndiyo maana tuna mtu wa kumpeleka hospitali. Jumatatu utasimama darasani uwaambie reli iliishia wapi, na kwa nini uliwaambia vingine."

"Ndiyo, Dana," alisema Irine, akainama kusaidia kubeba machela aliyolazwa kaka yake.