Siku Niliyolificha Taulo la Mama Zogo

Ukurasa wa tisa, nilifutwa!

Sitanii. Nimekaa chumba cha kuvalia, uso nusu poda nusu mtu. Kurasa mpya za siku hiyo zimeletwa. Zangu sizioni, nikachukua nakala moja iliyoachwa mezani, nikasoma:

"Nyumba ya Jirani iko tupu. Mlango una kufuli. Mama Zogo anasema: Afadhali ameondoka..."

Jirani ni mimi!!

Miaka kumi na miwili nacheza Jirani kwenye kile kipindi cha vichekesho mnachokijua. Na pembeni ya ukurasa, kwa kalamu nyekundu:

"Safi! Hivi ndivyo nilivyoomba."

Mwandiko wa Mama Zogo, nyota wa kipindi. Wifi yangu. Mke wa kaka yangu wa tumbo moja!

Nikageuza nione ukurasa wa kumi. Haupo. Ukurasa wa mwisho mwongozaji huuficha mpaka dakika ya mwisho, usivuje mitandaoni. Lakini wa kumi wa nini? Wa tisa ulinitosha.

Kikulacho ki nguoni mwako. Changu mimi nilikileta mwenyewe, nimekishika mkono.

Sikilizeni. Siku ya usaili nilikwenda mimi. Yeye alinisindikiza tu, anishikie mkoba. Mlinzi akamwambia asiyesailiwa akae nje. Wee! Akabishana naye mpaka mlinzi mwenyewe akakaa chini kwa kicheko.

Mwongozaji akachungulia dirishani.

"Huyo mwenye mkoba aingie!"

Mwenye mkoba akapewa kipindi. Mimi nikapewa ujirani.

Tangu siku hiyo, kwenye mabango uso wake unajaa ukuta mzima, mimi naonekana sikio na nusu ya pua. Nikienda dukani naulizwa, "Wewe si yule... yule anayesimamaga na Mama Zogo?"

Tuzo alipewa yeye. Iko sebuleni kwao, kaka yangu anaifuta vumbi kama anaogesha mtoto. Nikialikwa chakula nilikuwa nakaa nimeipa mgongo.

Nilikuwa na wivu, jamani. Wivu wa kutafuna chakula usisikie ladha. Nilikuwa nacheka naye huku meno yananiuma.

Sasa niwape siri ya kazi. Kichekesho kinahitaji watu wawili. Mmoja anasema, mwingine anasubiri. Watu wakiangua kicheko mimi nanyamaza, kikipungua ndipo najibu. Nikiwahi tu, nimekiua.

Miaka minne iliyopita Mama Zogo aliniongezea amri.

"Wifi, kabla hujajibu, tupia lile taulo la jikoni begani. Kila mara."

"La nini?"

"Inachekesha."

Haikumchekesha mtu. Nikaona huyu sasa ananifanya kibaraka. Lakini nikatupia, miaka minne, bega langu linanuka sabuni ya vyombo.

Siku ile nikasema basi. Kama nakufa, sifi peke yangu!

Tulirekodi mchana, watazamaji mia mbili wamejaa ukumbini. Nikalikunja taulo, nikalificha ndani ya sufuria, nikafunika.

Mama Zogo akaingia na kichekesho chake cha kwanza. Ukumbi ukalipuka.

Nikajibu palepale, katikati ya kicheko, nimemgeuzia mgongo.

Kicheko kikakatika.

Zamu yake. Kimya.

Nikageuka. Amesimama, tabasamu limemkauka usoni, macho yako begani kwangu. Anangoja. Sekunde tatu... nne... tano...

Mtu akakohoa.

Akasema neno lake, limechelewa. Nikamjibu tena, nimetazama ukuta. Akajibu swali ambalo sikuuliza! Akaruka mstari. Akarudia mstari.

Safu ya mbele nikasikia, "Huyu amelewa?"

Simu zikainuliwa, wanamrekodi.

Na mimi? Moyo wangu ulikuwa unacheza ngoma. Nasema ukweli. Miaka kumi na miwili nangoja aanguke, na nilipomwona anaanguka nilisikia utamu.

Mwongozaji akasimamisha. Ukurasa wa kumi haukuchezwa.

Nikamfuata chumbani na hasira zangu. Amekaa mbele ya kioo, ameinama, anavua hereni.

"Mnafiki wewe!" nikamwambia kutoka mlangoni.

Hakugeuka.

"Nilikuleta mimi! Umenila, sasa unanitema?"

Kimya. Anavua hereni ya pili, taratibu.

Nikapiga kelele mpaka koo likakwaruza. "Nakuchukia, unasikia?!"

Hakusikia.

Nikaliona kwanza kasha dogo mezani. Ndani yake vifaa viwili vya masikioni, vile vya watu wasiosikia.

Akainua uso, akaniona kwenye kioo. Akatabasamu, macho yamejaa maji.

"Taulo lilikuwa wapi leo, wifi?"

Nikatazama sakafu.

"Sikasiriki. Ulisahau, kazi ni nyingi," akasema. "Mwaka wa nne huu sisikii watu wakicheka. Vifaa nilivaa, havisaidii tena. Nilikuwa natazama bega lako. Ukitupia taulo najua wamecheka, wamemaliza, sasa nitazame mdomo wako. Nilimwapisha kaka yako asiseme. Nani anamtaka mchekeshaji kiziwi?"

Jamani... ile amri! Niliyoiona ni dharau, kumbe alikuwa ameliweka jina lake lote juu ya bega langu.

Akafungua mkoba, akatoa karatasi moja.

"Leo ilikuwa mara yangu ya mwisho. Nilitaka iwe mshangao kwako, ndiyo maana nilimwomba mwongozaji azizuie kurasa zako. Soma."

Ukurasa wa kumi. Maneno yalikuwa yanaendelea kutoka ule wa tisa:

"...kile kibanda kilikuwa kidogo mno kwake! Mama Zogo anamkabidhi Jirani funguo za nyumba kubwa. Anamwambia: Hapa ni pako sasa. Piga kelele mpaka wakusikie. Mama Zogo anaondoka. Kipindi kinabaki na Jirani."

Pembeni, kalamu nyekundu ileile: "Usaili ulikuwa wake, si wangu."

Nilianguka magotini pake. Nikamwambia yote, polepole, auone mdomo wangu. Sufuria. Mgongo. Utamu niliousikia.

Kisha akainuka, akachukua mkoba wake, akatoka. Tangu hapo, miezi miwili, hakupokea salamu yangu.

Mwongozaji alimwomba arudie kipindi cha kuaga. Alikataa. Kicheko cha mwisho cha maisha yake nilikiua mimi.

Ile video ya dakika mbili mliyoisambaza mkaandika "Mama Zogo chakari" mnaikumbuka? Hakuwa amelewa. Tone hajaonja. Alikuwa anatafuta taulo.

Kipindi sasa ni changu. Bango ni uso wangu, ukuta mzima. Na kila ninaporekodi bado natupia taulo begani, ingawa hakuna anayelitazama.

Funzo? Mwenye wivu husoma ukurasa mmoja akadhani amemaliza kitabu. Kabla hujalipiza, uliza. Mdomo ninao, na yeye mdomo angeusoma.

Kabla ya kuyaweka haya hapa nilimpelekea ayasome kwanza, maana siri ni yake. Siku tatu nilikuwa nachungulia simu.

Jana jioni akajibu, mara ya kwanza tangu siku ile:

"Weka. Ila pale unapoanguka magotini umeharakisha. Subiri kidogo, wifi, watu wacheke."