Wa Tatu kwenye Orodha

Duka la uchapaji lilijaa watu utadhani wanagawa bure. Fundi pampu, kijana mrefu, shati lake limepigwa pasi mpaka linajisikia, akamkabidhi mpanga kurasa karatasi ya maelekezo ya pampu. Binti huyo, gauni la njano, kalamu imechomekwa kwenye nywele, akasoma, akaguna.

"Kaka, hatua zote umeziwekea vitone. Mteja atawasha pampu hajajaza maji!"

"Kwani vitone vina kosa gani, dada?"

"Vitone ni vya vitu visivyo na zamu: spana, bomba, mpira. Hatua hupewa namba. Kwanza jaza, pili funga, tatu ndipo uwashe."

"Na kukuomba namba ya simu ni hatua ya ngapi?"

Foleni nzima ikacheka. Namba akapewa. Tangu hapo pampu zikawa salama. Kilichoungua ni moyo wa fundi.

Wakapendana, simu zikapata moto. Kisha siku moja fundi akamtumia ujumbe: "Watu ninaowashukuru: 1. Mama. 2. Mwalimu wangu wa ufundi. 3. Wewe, roho yangu."

Lo! Binti akavimba kama chura. Wa tatu! Nyuma ya mzee anayenuka grisi! Angekuwa hajui maana ya namba, sawa. Lakini si amemfundisha mwenyewe? Akazima simu.

Kesho yake fundi akaja dukani, mama yake nyuma, kamsindikiza asije akaishia njiani.

"Mpenzi, nimekosa nini?"

"Nenda kwa namba mbili wako!"

"Haa! Si ulisema namba ni hatua? Mama alinizaa. Mwalimu akanipa kazi. Kazi ikanileta kwenye meza hii. Bila hao wawili ningekuona wapi? Sikupanga nani mkubwa, nilikuwa naishukuru njia."

Kicheko na machozi vikagombea mlango mmoja usoni mwa binti.

"Si ungeniambia?"

"Si ungepokea simu?"

Binti akacheka. Fundi akasogea mezani. "Hatua ya nne siwezi kuiandika peke yangu. Utakubali nikuoe?"

Kabla hajajibu, mama mtu akadakia: "Mkwe, kubali upesi! Hiyo namba moja nakuachia, na nguo zake chafu nakuletea jioni."

Binti akamshika mama huyo mikono yote miwili. "Asante, mama. Asante kwa kunilelea. Yeye nampokea. Nguo afue mwenyewe."